Unga Mweupe wa Nyanya

Ujumbe wa dada yangu uliingia saa sita kasoro usiku. Mtoto wake alikuwa na wiki sita, na kwa muda huo wote alichokuwa akinitumia ni picha tu: mtoto kalala, mtoto anapiga miayo, mtoto kakunja ngumi kama bondia. Usiku huo hakutuma picha. Alituma video fupi ya mtu akidai kwamba maziwa ya mama siku hizi yana sumu, na chini yake akaandika: "Ni kweli? Nimnyonyeshe ama niache?"

Mimi si daktari. Nilisoma historia, somo ambalo jamaa zangu bado wananiuliza litanipa kazi gani. Lakini dada yangu alikuwa macho kule Msambweni, peke yake na mtoto, na sikuona haki kumwambia tu aachane na mambo ya mtandaoni. Nikawasha kompyuta. Kufikia adhana ya alfajiri nilikuwa nimejua kwamba swali lake lina umri kunishinda, na kwamba kwetu linaanzia jikoni kwa nyanya.

Juu ya mafiga ya nyanya kuna uchaga. Mahindi huwekwa pale na maganda yake, moshi unayapanda kila siku, na wadudu hawayataki. Ndivyo mbegu zilivyohifadhiwa Kwale tangu zamani. Kisha, nyanya akiwa bado mke mchanga, dukani kukaja unga mweupe. Wao waliuita diditii. Ulinyunyizwa kwenye mahindi, kwenye kamba za kitanda kuua kunguni, na kwenye vichwa vya watoto.

"Mamako nilimpaka mimi mwenyewe," aliniambia nilipompigia asubuhi. "Nikamfunga leso, akalala nayo. Kesho yake chawa hakuna hata mmoja. Siku hizo dawa ilikuwa dawa."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekesha nikisoma habari za dawa hiyo.

DDT ilikuwa imetengenezwa maabara tangu karne ya 19, lakini ni mwaka 1939 ndipo mkemia wa Uswisi, Paul Müller, alipogundua kwamba inaua wadudu. Vita vya Pili vya Dunia vikaifanya maarufu: ilizima tauni ya homa ya chawa miongoni mwa raia na askari, na mwaka 1948 Müller akapewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Baada ya vita ilisambaa dunia nzima, Afrika Mashariki ikiwemo, pamoja na ndugu zake: dieldrini, aldrini, lindeni, endosulfani.

Na jamani, tusiandike historia hii kama kwamba nyanya zetu walidanganywa tu. Katika miaka ya 1950 ulianza mradi wa kupambana na malaria huko Pare na Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanganyika. Kuta za nyumba zilipuliziwa dieldrini hadi 1959. Mbu walipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikashuka kwa karibu nusu. Zanzibar nako nyumba zilipuliziwa, tangu mwisho wa miaka ya 1950 hadi 1968, na malaria ikapungua mno. Upuliziaji uliposimama, ikarudi. Kwa mama aliyekwisha kuzika watoto wawili kwa homa, mtu mwenye bomba la kupulizia mgongoni hakuwa adui.

Shida ni kwamba unga huo haukukaa ukutani. Uliingia mashambani, hasa kwenye pamba. Hola, kwenye mradi wa umwagiliaji wa Mto Tana, mtafiti David Munga alipima samaki katika miaka ya 1980 akakuta mabaki ya DDT na endosulfani ndani yao. Na kati ya 1983 na 1985, wanasayansi waliomba maziwa kwa akina mama wa sehemu mbalimbali za Kenya, mijini na vijijini. DDT na mabaki yake yalikuwemo. Sikujua habari hiyo mpaka usiku ule. Miaka miwili, mitatu kabla ya mamangu kuanza kunyonyesha, kuna watu walikuwa wameshapima maziwa ya kina mama nchini humu na kuandika walichokiona, kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo hayauzwi Ukunda.

Mwaka 1986 Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo. Mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, ilifika Tanzania shehena ya viuatilifu, msaada kutoka Ugiriki, DDT ikiwa miongoni mwake. Ililundikwa kwenye shamba la Vikuge, karibu na Kibaha. Kibanda chake kiliporomoka, na sumu ikanyeshewa mvua kwa miaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda kupima, waliikuta kwenye udongo, kwenye maji, mpaka kwenye majani ya miti.

Kwa nini haiishi? Jibu lenyewe ni rahisi. Wataalamu huziita vichafuzi vya kikaboni vinavyodumu: molekuli za kaboni zilizoshikwa na klorini kwa nguvu kiasi kwamba jua, maji na bakteria huchukua muda mrefu kuzivunja. Haziyeyuki kwenye maji ila zinayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo kila kiumbe anayeimeza huiweka mafutani. Dagaa ana kidogo, anayekula dagaa ana zaidi, na anayekula huyo ana zaidi tena. Sisi tuko juu kabisa ya ngazi hiyo. Juu yetu yupo mmoja tu: mtoto anayenyonya, kwa sababu maziwa hutengenezwa kutokana na mafuta ambayo mama ameyaweka mwilini kwa miaka.

Joto letu nalo lina mambo yake. Shem Wandiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walionyesha kwamba kwenye udongo wa Kenya DDT hupungua haraka kuliko kwenye nchi za baridi, na sababu kubwa ni kwamba inapanda hewani. Ukisikia hivyo unashusha pumzi. Lakini ikishapanda inasafiri, inatua, inapanda tena, mpaka ifike kwenye baridi inayoikamata. Ndiyo maana Wainuit wa Kanada, watu wasiowahi kulima pamba, wamekutwa na sumu za jamii hii kwenye maziwa yao. Na ile inayobaki huteremka na mito. Wandiga na wenzake walichunguza pwani yetu pia, Ramisi ikiwemo, wakakuta mabaki ya viuatilifu vya klorini. Hata gombessa, yule samaki wa kale anayeishi kwenye vina vya bahari ya Ngazija, alipopasuliwa na wanasayansi alikutwa na DDT kwenye mafuta yake. Samaki ambaye ulimwengu ulidhani alitoweka pamoja na madainosari alikuwa amebeba unga wa dukani.

Dunia ilichelewa kukubaliana. Rachel Carson alikuwa ameonya kwenye kitabu chake tangu 1962, na Marekani ikaipiga marufuku kwao 1972. Mazungumzo ya mkataba wa kimataifa yalianza 1998. Kikao cha pili kilifanyika hapahapa Nairobi, Januari 1999. Mkataba wa Stockholm ulipitishwa Mei 2001 ukilenga sumu 12, na Kenya ikauridhia Septemba 2004. DDT peke yake iliachiwa mlango: nchi zenye malaria zinaweza kuipulizia ndani ya nyumba, kwa masharti. Kuna wanaouona mlango huo kama aibu. Mimi nimelelewa mahali ambapo kila familia inamjua mtoto aliyechukuliwa na homa, na siwezi kuuona hivyo. Ninachokiona ni kwamba mara zote mbili, ilipoletwa na ilipokatazwa, hakuna aliyefika jikoni kwa nyanya kumweleza.

Maana madhara yanaweza kuchukua muda kuonekana. Huko California kuna damu ya akina mama wajawazito iliyohifadhiwa tangu 1959 hadi 1967. Watafiti waliwafuata mabinti wao kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2015 walitoa matokeo: mabinti waliokuwa tumboni mwa akina mama wenye DDT nyingi zaidi katika damu walikuwa na uwezekano wa kupata saratani ya matiti karibu mara nne kuliko wale ambao mama zao walikuwa na kidogo. Mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka DDT katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Niliposoma hapo nilimkumbuka mama, na leso yake, na kichwa chake cheupe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimpigia dada. Nilimwambia ukweli wote, kwa sababu nusu yake ndiyo iliyokuwa imemnyima usingizi. Ndiyo, sumu hizi zipo kwenye maziwa ya mama, duniani kote. Viwango vya DDT vimeshuka sana tangu marufuku. Na Shirika la Afya Duniani, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likipima maziwa hayo pamoja na Umoja wa Mataifa, bado linasema mnyonyeshe, kwa sababu faida za maziwa hayo ni kubwa kuliko hatari. Maziwa hupimwa kwa kuwa yanaonyesha kilichoingia mwilini. Si kwamba maziwa ndiyo yenye kosa.

Akanyamaza. Kisha nikasikia mtoto akinyonya.

"Sasa iliyobaki inatoka wapi?" akauliza.

Nilienda nyumbani Ijumaa iliyofuata. Nyuma ya nyumba kuna shimo la taka. Kila jioni huchomwa daipa, chupa za soda, mifuko, viatu vya plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini plastiki nyingine zote zipo. Ndani ya mkataba ule wa Stockholm kuna sumu mbili ambazo hakuna anayezitengeneza kwa kukusudia, dayoksini na furani. Huzaliwa taka zenye klorini zinapoungua kwa moto mdogo kama wetu. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakizurura karibu na jalala la Dandora yalipimwa, yakakutwa na dayoksini kupita kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Kuku wa dada walikuwa palepale, wanaparura jivu. Mayai yao ndiyo aliyokuwa akipewa kila asubuhi ili apate nguvu.

Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Nilidhani angekasirika kwa habari ya ule unga. Akauliza kitu kimoja tu: "Na wao walikuwa wanajua?"

"Walianza kujua zamani, nyanya."

"Na nyie sasa hivi mnajua?"

Jioni hiyo shemeji yangu alifukia shimo, na tukawajengea kuku boma la miti upande wa pili wa nyumba. Ilituchukua mpaka magharibi. Kisha dada akatoka na mfuko wa daipa za siku mbili mkononi, akasimama kwenye mlango wa nyuma, akanitazama.

"Haya," akasema, "tuziweke wapi?"

Gari la taka halifiki kwetu. Nilirudi Mombasa na mfuko ule kwenye matatu, madirisha wazi, abiria wenzangu wakinitazama vibaya mpaka Likoni.