Kosa Lisiloingia Kwenye Fomu

Zamani, daktari aliyemwacha mgonjwa wa saratani ateseke kwa maumivu usiku kucha hakuhesabiwa kuwa amekosea. Kosa lilikuwa kuzidisha dawa. Mjerumani Sertürner aliitenga mofini kutoka kwenye afyuni mwanzoni mwa karne ya 19, lakini hata katikati ya karne ya 20 wodi nyingi za Uingereza ziliitoa kwa ubahili: mgonjwa asubiri mpaka alie, ndipo achomwe sindano, asije akawa mraibu. Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari ukubwani, alianza mwaka 1958 kuwasikiliza wagonjwa wa St Joseph's, hospisi ya London iliyowahudumia wanaokaribia kufa, akawarekodi kwa tepu. Alipofungua hospisi yake ya St Christopher's mwaka 1967, dawa ya maumivu ilitolewa kwa kufuata saa, kabla maumivu hayajarudi. Basi kile kilichokuwa utaratibu wa kawaida kikaanza kuonekana kosa, na walioanza kuliona ni wagonjwa wenyewe.

Tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ilipopata vifaa, ikapata na makosa mapya. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 Waingereza walitumia pampu ndogo iliyosukuma bomba la sindano polepole, dawa ikiingia chini ya ngozi. Kampuni ya Graseby ilitengeneza mbili zilizofanana kama pacha. Moja ilipimwa kwa milimita kwa saa, nyingine kwa milimita kwa saa 24. Muuguzi aliyechoka akiweka 48, kipimo cha ile ya saa 24, kwenye ile ya saa, dozi ya kutwa kucha inakwisha ndani ya saa moja. Watu walikufa hivyo. Agizo la kuziondoa pampu hizo katika hospitali za umma lilitoka mwaka 2010, likitoa muda wa miaka mitano. Jiulize mgonjwa angelijuaje kosa la namna hiyo: alilala tu. Na nduguye, akimwona amelala, alidhani ndio ugonjwa wenyewe umefika mwisho.

Kwa hiyo mashahidi wa makosa haya mara nyingi wamekuwa ndugu, na ndugu ni rahisi kuambiwa kwamba ni majonzi tu yanayowasumbua. Katika hospitali ya Gosport, kusini mwa Uingereza, wauguzi walionya mapema, mwaka 1991, kuhusu jinsi pampu na dawa zilivyotumika. Familia nazo zililalamika miaka nenda miaka rudi. Ripoti ya jopo huru ilitoka mwaka 2018: maisha ya watu zaidi ya 450 yalifupishwa kwa dawa zilizotolewa bila sababu ya kitabibu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, tathmini iliyoongozwa na Julia Neuberger ilikuwa imeukosoa utaratibu wa kuwahudumia wanaokaribia kufa ulioitwa Liverpool Care Pathway, nao ukaachwa. Malalamiko hayakuhusu dozi tu. Watu walisema mama kanyimwa maji, au baba kaingizwa kwenye utaratibu wa kufa na hakuna aliyewaambia.

Huku kwetu Afrika Mashariki uzito uliangukia upande mwingine: kukosekana kwa dawa. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, na unga wa mofini ukachanganywa na maji kuwa dawa ya kunywa. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo kuiandika wenyewe, kwa sababu kumngoja daktari kijijini ni sawa na kumnyima mtu dawa. Hatua hiyo ni kubwa kuliko mashine yoyote ya London.

Hata hivyo desturi moja bado haijaguswa sana. Daktari humwita kaka au mtoto mkubwa pembeni, humweleza kwamba ugonjwa hautibiki, kisha wote wawili humrudia mgonjwa na kumwambia atapona. Mgonjwa aliyetaka kugawa shamba, kulipa deni au kupatanishwa na nduguye huja kugundua akiwa hawezi tena kusema. Fomu za hospitali zina nafasi ya dozi iliyozidi. Nafasi ya kuandika kosa hili sijaiona.