Kupanga chumba Dar es Salaam: kodi, dalali na sheria

KWA wakazi wengi wa Jiji la Dar es Salaam, hasa wale wa Tandale, Mwananyamala, Tandika, Keko na Mbagala, neno nyumba halimaanishi jengo zima. Linamaanisha chumba kimoja, au chumba na sebule, ndani ya jengo la mtu mwingine. Humo hulala baba, mama na watoto, humo huwekwa vyombo na madumu ya maji, na mlango wake ndio mpaka pekee kati ya familia moja na nyingine.

Jengo lenyewe mara nyingi ni lile lijulikanalo kama nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza. Katikati ukumbi unaonyooka hadi nyuma. Kila upande wa ukumbi vyumba vitatu. Na uani kuna jiko, bafu, choo na stoo. Muundo huo hurahisisha upangishaji, kwani kila chumba kina mlango wake ukumbini. Mwenye nyumba aweza kubaki na vyumba viwili akapangisha vinne, pasipo kujenga ukuta hata mmoja. Ndiyo maana katika mitaa hiyo mpangaji na baba mwenye nyumba huonana kila asubuhi wakipishana bafuni, jambo ambalo lina faida zake na adha zake.

Mahitaji ya vyumba hivyo yanaeleweka kwa kutazama sensa. Mwaka 1967 jiji hili lilikuwa na watu wasiofika 300,000. Mwaka 2002 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na karibu watu 2,500,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971, aliunganishwa nalo mwaka 1990. Kuanzia mwaka 1974 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Hayo yote hayakutosha hata kidogo. Waliolipa jiji hili paa ni watu wa kawaida waliojenga polepole, tofali kwa tofali, mara nyingi katika maeneo yasiyopimwa, wakapangisha vyumba kabla hata ya kupiga lipu.

Kikwazo cha kwanza cha mtafuta chumba si kiwango cha kodi bali namna ya kuilipa. Mazoea ya Dar es Salaam ni kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, ikilipwa kwa mkupuo kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Tuchukue mfano wa chumba cha Sh 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni Sh 300,000. Dalali naye, kwa desturi, hudai kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, hivyo mpangaji anatakiwa awe na Sh 350,000 mkononi kabla ya kukodi gari la kuhamisha vitu. Mama ntilie au kondakta wa daladala, ambaye kipato chake huja kwa siku na huondoka kwa siku, hupata wapi kiasi hicho kwa pamoja? Wengi hutegemea upatu, vikoba, au ndugu aliye na mshahara. Wengine hukaa kwa shemeji miezi kadhaa, wakivumilia yanayovumilika.

Wenye nyumba nao wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Mpangaji wa kulipa kila mwezi akikwama mwezi wa pili, kumwondoa ni kazi kubwa. Zaidi ya hayo, kodi ya mkupuo ndiyo mtaji wa ujenzi: kwa mtu asiyekopesheka benki, fedha za wapangaji wawili hununua mabati au kuchimba shimo la choo. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi haikuweka kikomo cha miezi inayoweza kudaiwa mapema, na kwa kuwa watafuta vyumba ni wengi, anayepanga masharti ni mwenye chumba.

Haikuwa hivyo siku zote. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba yenye mamlaka ya kupanga kodi halali, na ilimzuia mwenye nyumba kumfukuza mpangaji pasipo amri. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo uhusiano wa pande hizo mbili umesimama juu ya mkataba wao na juu ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Kwa maneno mengine, mpangaji asiyekuwa na mkataba mzuri amebaki na kinga chache, naye aghalabu hazijui hata hizo.

Kinga zenyewe ni hizi. Upangaji wa mwaka mmoja au pungufu waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, na wote ni halali mbele ya sheria. Kwa hiyo kauli ya "wewe huna mkataba hapa" si kweli kwa mtu aliyelipa kodi akapokewa. Pale ambapo muda wa upangaji haukutajwa, upangaji huhesabiwa kwa kipindi ambacho kodi hulipiwa, na anayetaka kuuvunja hutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Mwenye nyumba, hata kama mkataba haukusema, anachukuliwa kuwa ameahidi kumwacha mpangaji akae kwa amani na kwamba jengo lililopangishwa kwa makazi linafaa kukaliwa na binadamu. Kung'oa mlango, kuezua bati au kukata umeme ili mpangaji aondoke ni vitendo vinavyokwenda kinyume na ahadi hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, swali la kwanza liwe: nyumba hii ni ya nani? Katika maeneo yasiyopimwa huenda hati isiwepo, bali leseni ya makazi au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa. Hizo zatosha kuulizia. Hatari kubwa ipo katika nyumba za urithi. Mzee amefariki, watoto ni sita, na mmoja anayeishi uani ndiye apokeaye kodi. Siku moja ndugu zake wanatokea na kudai nyumba iuzwe, na wapangaji waliolipa mwaka mzima wanajikuta hawana wa kumdai. Mwenye kupangisha nyumba ya namna hiyo anapaswa kuonyesha barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Akiona haya kuionyesha, ni afadhali kutafuta chumba kingine.

Madalali ni sura nyingine. Wapo waaminifu wanaoujua mtaa kuliko mtendaji wake, na bila wao mgeni angetangatanga juma zima. Lakini wapo pia wanaotoza fedha za kuonyesha chumba ambacho kimekwisha kukodiwa, au kupokea kodi ya watu watatu kwa mlango mmoja. Dawa ni nyepesi: ujira wa dalali ulipwe baada ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, kodi akabidhiwe yeye, risiti itolewe, na mkataba usainiwe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ofisi hizo huwajua wenye majengo kwa majina, na kwa vyovyote mpangaji mpya anatakiwa kujitambulisha huko.

Mambo madogo ndiyo yanayovunja nyumba nyingi, hivyo yafaa kuyauliza mapema. Mita ya LUKU ni moja au kila chumba kina yake? Nani anaruhusiwa kutumia pasi na jiko la umeme? Maji ni ya bomba, ya kisima, au ya kununua kwa dumu? Choo kikijaa, gari la maji taka linalipwa na nani? Swali hili la mwisho laweza kuonekana la aibu, lakini anayelipuuza hulikumbuka masika. Asubuhi moja ya mvua kubwa afike aone maji yamefikia wapi ukutani; katika mabonde kama la Msimbazi alama hizo hazifichiki, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafanya wakazi wengi wa bondeni kuhamishiwa Mabwepande.

Kwenye LUKU limeongezeka jambo jipya. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa wakati wa kununua umeme: Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kiwango kilichopandishwa kuwa Sh 1,500 mwaka 2023. Mlipaji kisheria ni mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni Sh 18,000. Wapangaji sita wa mita moja wakigawana, ni Sh 250 kila mmoja kwa mwezi. Si fedha za kumhamisha mtu, lakini ni halali mpangaji kuomba zipunguzwe kwenye kodi yake, na kifungu cha mstari mmoja katika mkataba humaliza ubishi.

Ugomvi ukishindikana kusuluhishwa nyumbani na kwa mwenyekiti wa mtaa, njia inaelekea Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi hukumu tena katika migogoro ya ardhi na nyumba; kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa, hutoa cheti, na mlalamikaji hukipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika, anaweza kwenda huko hata hivyo. Aende na mkataba, risiti zote na notisi aliyopewa, kama ipo.