Uharibifu wa injini za turbo (Bonde la Ruzizi)

Uharibifu wa injini za turbo huyakumba hasa magari ya mazutu yanayofanya kazi kwenye barabara ya taifa namba 5 ya Kongo (DRC), kati ya Uvira na Bukavu, kupitia Kiliba, Sange, Luberizi, Luvungi na Kamanyola. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja: moshi wa ekzosi huizungusha ya kwanza, nayo ya pili husukuma hewa ndani ya silinda. Ilibuniwa na Mswisi Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905.

Barabara

Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu, upande wa Bukavu, 1,460. Sehemu kubwa ya mpando huo iko baada ya Kamanyola, kwenye makona mabaya ya Ngomo, ambayo wasafiri wengi huyakwepa kwa kuzungukia Bugarama, Rwanda. Gari lililojaa hupanda kwa gia nzito, turbo ikipita mizunguko 100,000 kwa dakika, na shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili tu.

Kutambua

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni uhaba wa hewa: filta imeziba au paipu ya turbo imepasuka. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, humwelekeza fundi kwenye silinda hedi. Ile ya injini ya Toyota 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka.

Kipimo cha uhakika ni cha mkono. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, paipu ya filta hufunguliwa na ncha ya shafti hushikwa kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwani hapo ndipo oili hukaa. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakikwaruza ukuta, turbo imekwisha.

Hata hivyo turbo mara nyingi ni maiti, si muuaji. Kwenye injini ya Toyota 1KD-FTV, washa za injekta zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la sampu. Turbo hutangulia, beringi za krenki hufuata na injini hunoki. Fundi anayefunga turbo mpya bila kufungua sampu ameandaa kifo cha pili.

Kinga

Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000. Vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, hudai filta mpya; kuipuliza kwa kompresa kali huitoboa. Dereva anayemaliza Ngomo na kuzima palepale, eti apoze injini, huikaanga oili ndani ya turbo. Dakika moja au mbili za sailensa kabla ya kuzima zinatosha.

Magari yasiyo na turbo

Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, lita 4.2, zinazopendwa na mashirika ya misaada, katika kinga hizi zinahusika na oili na filta tu.