Natchez: Mji wa Gengeni na Soko la Njia Panda

Mgeni afikaye Natchez, mji ulioko katika jimbo la Mississippi huko kusini ya Marekani, aghalabu huongozwa kwanza kwenye majumba ya matajiri wa kale, yale yenye nguzo nene nyeupe na baraza pana, akaonyeshwa taa za vioo na vyombo vya fedha, hata akiondoka huwa ameijua mali ya mji bila ya kuijua asili ya mali hiyo. Hivyo ndivyo mji wenyewe ulivyopenda kutazamwa tangu mwaka 1932, mabibi wa vyama vya bustani walipoanza kuifungua milango ya majumba hayo kila majira ya machipuko, wapate fedha za kuyahifadhi. Rai yangu kwa msafiri wetu ni kwamba aipindue ziara hii: aanze na mto, kisha soko, na majumba ayaache nyuma, maana bila ya soko majumba hayo hayaeleweki.

Natchez umekaa juu ya genge lenye kimo cha mita 60 hivi, na chini yake mto Mississippi unapita mpana, mzito, wenye rangi ya tope. Ng'ambo ya pili ni nchi tambarare ya Louisiana, iliyozoea kufunikwa na mafuriko. Basi kila taifa lililotaka maji ya mto bila ya kughariki lilikwea genge hili. Waliotangulia ni Wanatchez wenyewe, wenyeji wa asili, ambao mtawala wao aliitwa Jua Kuu, na vilima vya udongo walivyovijenga kwa mikono vingali vinaonekana katika kijiji chao kikuu, ndani ya mji wa leo. Wafaransa walijenga ngome yao mwaka 1716, wakazidi kutamani ardhi, mpaka Novemba 1729 Wanatchez walipoinuka na kuwaua zaidi ya 200 miongoni mwao. Na kisasi cha Wafaransa kikawa cha kufuta taifa, mamia ya mateka wakapakiwa merikebuni na kuuzwa utumwani katika kisiwa ambacho sehemu yake moja leo ni Haiti. Baada yao walitawala Waingereza, kisha Wahispania, ambao mitaa iliyonyooka ya juu ya genge ni kazi ya vipimo vyao, na mwaka 1798 bendera ya Marekani ikatwekwa.

Chini ya genge, pwani ya mto, palikuwa na mji mwingine wa wachukuzi, walevi na wacheza kamari. Huko ziliegeshwa mashua za bapa zilizoteremka na mkondo zikiwa na nafaka na nyama kutoka bara, nazo, kwa kuwa haziwezi kupanda mto, zilivunjwa mbao zake zikauzwa, na mabaharia wake wakarejea kwa miguu kwa njia ya msituni iitwayo Natchez Trace, mwendo wa kilomita 700 hivi hadi Nashville. Stima zikaja zikaikatiza adha hiyo. Tarehe 7 Mei 1840 tufani ilipita juu ya mto, na katika watu 317 waliohesabiwa kufa, walio wengi walikuwa mashuani. Mto nao umeila sehemu kubwa ya mji huo wa chini. Kilichosalia ni mtaa mmoja wenye mikahawa, mahali pazuri pa kula samaki jioni, na sina zaidi la kuusifia.

Kilichoutajirisha mji ni pamba. Ilipopatikana mashine ya kuchambua mbegu, mwishoni mwa karne ya 18, udongo wa bonde hili ukawa na thamani kuliko madini, na marobota yakateremshwa New Orleans, yakavuka bahari hadi Liverpool, au yakapelekwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani. Msomaji wa Unguja au wa Lamu asidhani kwamba hii ni habari ya ghaibu isiyomhusu. Viwanda hivyo vya kaskazini vilivyokula pamba ya kusini ndivyo vilivyofuma merikani, kitambaa ambacho merikebu za bandari ya Salem, huko kaskazini, zilikileta Forodhani, na misafara ikakichukua hadi Tabora na Ujiji kuwa fedha ya njiani. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikazuiliwa, merikani ikaadimika katika maduka ya Unguja. Uzi ulianzia katika mikono ya watumwa wa nchi kama hii.

Sasa twende sokoni. Mwendo mfupi mashariki ya katikati ya mji, njia mbili kuu zilipokutana, palikuwa na mabanda yaliyojulikana kwa jina la Forks of the Road, yaani Njia Panda. Katika nchi zile za kusini kabisa, soko lililolishinda hili ni la New Orleans peke yake. Watu waliletwa kutoka Virginia na Maryland, ambako tumbaku ilikuwa imeichosha ardhi. Wengine walikuja kwa jahazi, wengine walitembezwa majuma mengi wakiwa wamefungwa minyororo jozi jozi. Hapakuwa na mnada: waliuzwa kwa mapatano, wamevishwa nguo mpya, wamepangwa safu, na mnunuzi akipita akiwauliza na kuwapapasa. Mwaka 1833, kipindupindu kilipoingia na maiti za watumwa zikagunduliwa zimefukiwa ovyo, baraza la mji likawafukuza wafanyabiashara hao, lakini waliondoka hatua chache tu nje ya mpaka, biashara ikaendelea miaka 30 zaidi, hata majeshi ya Muungano, yaani ya kaskazini, yalipoushika mji mwaka 1863 na askari weusi wakayabomoa mabanda hayo. Wakati huo soko letu la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa bado na miaka 10 ya uhai. Mwaka 2021 ndipo Njia Panda ilipotiwa rasmi katika hifadhi ya taifa. Pana majani, mabango na minyororo iliyozamishwa katika saruji. Anayetafuta fahari ya macho hataipata.

Miongoni mwa watumwa wa Natchez alikuwako mmoja ambaye kisa chake kingetosha peke yake kumvusha Mwislamu wa pwani bahari. Abdul Rahman Ibrahima bin Sori, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, aliyesoma Timbuktu, alitekwa vitani mwaka 1788, akauzwa kwa mkulima wa hapa jina lake Thomas Foster, akamtumikia miaka 40. Mwaka 1807, alipokuwa akiuza mazao, alikutana na tabibu aliyeitwa John Cox, ambaye zamani alipotea pwani ya Afrika akahifadhiwa na kuuguzwa nyumbani kwa baba yake Abdul Rahman. Cox alitaka kumnunua amwache huru, Foster akakataa. Uhuru ulikuja mwaka 1828, kwa sababu ya barua aliyoiandika kwa Kiarabu, ambayo wakubwa wa Washington waliidhania ni ya raia wa Morocco. Akizunguka miji ya kaskazini kuchanga fedha za kuwakomboa wanawe, aliombwa na Wakristo awaandikie sala yao kwa Kiarabu, naye akawaandikia Alfatiha! Alifika Liberia mwaka 1829 pamoja na mkewe Isabella, akafa kwa homa miezi michache baadaye, asiione tena Timbo, mji wa kwao.

Baada ya hayo, mgeni aende majumbani, na likiwa ni moja tu, liwe Longwood. Haller Nutt, tajiri wa pamba, alilianza mwaka 1860, jengo la pande nane lenye kuba mfano wa kitunguu juu yake, vyumba 32 katika ramani. Vita vilipokuja mafundi walirudi kwao Philadelphia, vyumba 9 vya orofa ya chini vikamalizwa, na vya juu ni matofali matupu hadi leo. Mimi naona huu ndio ufafanuzi bora wa uchumi wa pamba kuliko kitabu chochote.

Asiondoke bila ya kufika State Street, nyumbani kwa William Johnson, kinyozi mweusi aliyezaliwa mtumwa na kuachwa huru angali mtoto, aliyewanyoa mabwana wa mji na, tangu mwaka 1835, akawaandika kila siku katika daftari: karadha zao, mbio zao za farasi, ugomvi wao. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na daftari halikuficha hilo. Mwaka 1851 aliuawa na jirani waliyegombea naye mpaka wa shamba. Mashahidi walikuwa weusi, na sheria haikukubali ushahidi wa mweusi juu ya mzungu. Mshitakiwa akashikilia kuwa yeye hakuwa na damu ya Kiafrika, mahakama isiweze kumtia hatiani, akaachiliwa. Daftari lilikaa na jamaa zake mpaka karne ya 20, likapigwa chapa mwaka 1951.