Pool ya Mpakani Ilitoka kwa Foleni

Mimi naamini historia ya pool pale Malaba na Busia inaanzia kwa foleni ya malori, si kwa baa. Dereva akingoja karatasi za forodha siku mbili tatu, atafanya nini? Meza inayokula sarafu haiulizi kama wewe ni Mkenya ama Mganda. Vijana wa mtaa walijifunza kwa kuangalia, kisha wakaanza kuwafunga madereva hao hao.

Mambo mawili yakabadilisha hesabu. Sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, ilifunga baa hadi saa 11 jioni siku za kazi na kuwazuia walio chini ya miaka 18. Na meza nyingi ziko ndani ya baa. Halafu 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikazinduliwa Busia, kungoja kukapungua.

Ng'ambo, ligi ya taifa ilipata udhamini wa Nile Special, na Uganda ikatoa mabingwa kama Rashida Mutesi. Huku kwetu kipaji bado kinapimwa kwa dau la soda. Meza moja kwenye ukumbi wa kaunti, mbali na chupa, ingetosha kuanza.