Njia ya Mlima wa Mungu

Miongoni mwa njia zitokazo katika mitelemko ya Mlima Meru, iko moja ambayo ilikuwa njia ya dua kabla ya kujengwa kwa msikiti au kanisa lolote mjini Arusha. Nayo huelekea magharibi hadi Monduli, hushuka katika Bonde la Ufa, hufuata ukuta wa bonde hilo kupitia Selela na Engaruka, hata ikafika Engare Sero, chini ya Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai na Waarusha wameuita tangu zama Mlima wa Mungu. Kwa barabara ya leo, ipitayo Makuyuni na Mto wa Mbu, masafa hayo ni zaidi ya kilomita 200, na mwenye kwenda kwa miguu hulazimika kuyahesabu mara mbili, maana hija ya mlima huu haikamiliki kwa kufika, ila kwa kurudi.

Yafaa kwanza tuwajue walioikanyaga njia hiyo. Waarusha walihamia mitelemko ya kusini-magharibi ya Meru katika miaka ya 1830, wakitoka Arusha Chini, wakawakuta Wameru wamekwisha kutangulia na kulima migomba upande wa mashariki wa mlima. Hao Waarusha, ingawa walishika jembe na kuacha maisha ya kuhamahama, hawakuacha lugha ya Kimaasai, wala utaratibu wa marika, wala ibada ya Enkai, yaani Mungu. Basi Meru ukawa mlima wa riziki yao, wenye mvua na udongo wa rutuba, ilhali Lengai, ulio mbali katika nchi kavu isiyoota mgomba, ukaendelea kuwa mlima wa maombi yao kama ulivyokuwa wa ndugu zao wafugaji wa nyikani.

Mlima wenyewe una haiba isiyofanana na ya milima mingine. Umesimama peke yake karibu na ziwa Natron, mwembamba kwa juu, urefu wake ukikaribia mita 2,960, na weupe uonekanao kileleni si theluji bali ni magadi. Hii ndiyo volkano pekee duniani, katika zinazotoa moto leo, ambayo uji wake ni wa magadi na chokaa badala ya mawe ya kawaida. Hutoka mweusi na mwepesi kama mafuta, ukiwa na joto dogo kuliko uji wa volkano nyingine zote, kisha ukiguswa na unyevu wa hewa hugeuka mweupe baada ya muda mfupi. Jambo hilo wataalamu walilithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kuona kwa macho kwamba mlima huu hubadilika rangi, nao katika imani yao humtaja Mungu kwa rangi mbili: Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, mwenye rehema, na Enkai Nanyokie, mwekundu, mwenye ghadhabu. Mlima ulipolipuka mwaka 1917, na tena mwaka 1940, na 1966, wazee waliusoma kwa elimu hiyo.

Waliokwenda huko walikwenda kwa haja zilizo wazi. Mvua ikikawia, ng'ombe wakipatwa na maradhi, au mwanamke akikaa miaka katika ndoa bila kupata mtoto, ndipo safari ilipofungwa. Ibada aghalabu zilifanyika chini ya mlima, si kileleni: wazee wakashika majani mabichi mkononi, kwa kuwa majani ndiyo uhai wa mifugo na ndiyo alama ya amani, wakanyunyiza maziwa na pombe ya asali, wakasali chini ya oreteti, mti wa jamii ya mikuyu unaoheshimiwa katika nchi yote ya Umaasai. Wanawake walikuwa na sehemu kubwa, pengine kubwa kuliko ya wanaume, katika maombi ya uzazi, nao walikwenda kwa makundi, wakiimba njia nzima. Baraka na dawa za safari ziliombwa kwa malaiboni, yaani viongozi wa ibada, wa ukoo wa Inkidong'i, ambao mashuhuri wao, Mbatian, aliyefariki karibu na mwaka 1890, jina lake lilisikika kutoka Meru hadi Naivasha.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa ndilo kiini cha habari hii, nalo ni hali ya mtu aliyeipita njia hiyo peke yake. Nyika iliyo kati ya Monduli na Lengai ina simba, ina kiu, na jua lake wakati wa kiangazi halina huruma. Tena chakula hakiuzwi njiani. Akili ya haraka ingesema kwamba mtu mmoja, mwenye fimbo na mkuki na kibuyu kimoja, hawezi kwenda na kurudi salama. Lakini walikwenda, na wakarudi, kwa sababu utaratibu wa marika ulikuwa umewaandalia nyumba kabla hawajatoka kwao.

Jioni, ng'ombe wanapoingia zizini, msafiri husimama langoni pa boma asilolijua, akauliza nyumba ya mtu wa rika lake, naye huonyeshwa bila maswali mengi. Akiwa kijana, huinamisha kichwa mbele ya wazee, nao humwekea mkono utosini, ndiyo salamu. Akiwasalimu wanawake huwaambia takwenya, nao humjibu iko. Kisha huletewa maziwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kaa la oloirien, yaani mzeituni mwitu, na moshi huo ndio huyatia maziwa harufu na kuyahifadhi yasiharibike upesi. Na hapa ndipo sheria yao ilipozidi kwa hekima: kijana wa rika la morani haruhusiwi kunywa maziwa peke yake, sharti awepo mwenzake wa rika wa kunywa naye. Kwa hiyo boma lililompokea morani mpweke lilikuwa na wajibu wa kumpatia, pamoja na maziwa, mtu wa kuketi naye. Aliyetoka kwao peke yake alikula kila usiku na ndugu, na asubuhi akaonyeshwa kisima kilipo na upande walikoonekana simba.

Njia hiyo ina mashahidi wa kale. Kule Engaruka, chini ya ukuta wa bonde, yako mabaki ya mashamba yaliyojengwa kwa mawe, matuta kwa matuta, pamoja na mifereji iliyoyatoa maji mitoni na kuyagawa katika eneo lipatalo hekta 2,000. Ni kazi ya wakulima walioishi hapo tangu karibu karne ya 15 hadi ya 18, kisha wakaondoka. Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita huko mwaka 1883 na msafara aliouanzisha Pangani, aliyaona magofu hayo yakiwa yamekwisha kuachwa zamani. Misafara ya pwani ilikuja kwa mamia ya wapagazi na bunduki, ikilipa hongo kwa nguo, waya na shanga ili ipate ruhusa ya kupita. Ilhali mwenye kwenda kuomba kwa Enkai alipita mahali pale pale bila bunduki wala bidhaa, akilindwa na rika lake na dhamiri ya wenyeji.

Kisha ukaja msiba ambao Wamaasai huuita Emutai. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilianza mwaka 1883, sotoka ikafuata mwaka 1890 na 1891 ikafagia makundi yaliyosalia, na ndui ikawamaliza watu. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita nchi hiyo mwaka 1892, alikutana na wafugaji waliokonda kwa njaa hata hawajiwezi. Ndipo njia ikageuka: badala ya watu wa Meru kwenda nyikani kuomba, watu wa nyikani walipanda Meru kuomba chakula, na Waarusha, waliokuwa na ndizi na mahindi na maharage, wakawapokea wengi. Baadhi yao walirejea nyikani baadaye, walipopata tena mifugo. Wengine walibaki wakawa Waarusha. Ukarimu ambao wafugaji walikuwa wakiutoa jioni moja moja kwa msafiri wa dua uliwarudia siku ya dhiki, tena ukiwa umezidi.

Utawala wa kigeni uliibana njia hiyo. Wajerumani walijenga boma lao Arusha mwaka 1900, na baadaye wakawatengea Wamaasai eneo kusini ya njia ya Arusha na Moshi, wakitaka kuwaondoa katika malisho ya kaskazini. Hata hivyo nyayo hazikukoma. Lengai ulipolipuka tena mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008, wafugaji wa karibu walihamisha mifugo yao, na maombi yakafanywa kama yalivyofanywa na babu zao.

Mwaka 2011 njia hii ilipata mahujaji wa namna nyingine. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, alitoa dawa ya mti uitwao mugariga katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Na magari yaliyotoka Arusha yakapita Mto wa Mbu, Engaruka na Engare Sero, yakipita chini ya Lengai. Foleni zilifika kilomita kumi na kadhaa, na wako wagonjwa waliofia njiani. Sikusudii kuihukumu imani ya mtu yeyote; lakini ni dhahiri kwamba maelfu walioketi ndani ya magari, bega kwa bega, walipata upweke na kiu ambavyo morani mmoja wa kale hakuvipata, kwa kuwa njia ilikuwa imejaa watu ila haikuwa na wenyeji wa kutosha kuwapokea.

Nje kidogo ya kijiji cha Engare Sero ziko nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda katika majivu ya volkano, za maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu waliozipima walieleza mwaka 2020 kwamba kundi moja la watu 17 lilitembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na wengi katika hao walikuwa wanawake. Haja yao hatuijui, wala si halali kuwavika dini yetu. Ila yatosha kuona kwamba kutembea kwa pamoja chini ya mlima huu ni desturi kongwe kuliko kila kabila lililopo leo.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba utukufu wa njia hii ulitokana na mlima kwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa ya mabwana na mabibi wa maboma waliofungua malango jioni. Wazee wanaokumbuka vituo vyake, visima vyake na nyimbo za wanawake wake wanapungua kila mwaka. Nawaomba walimu wa Arusha, Monduli na Longido wawatume wanafunzi wao kwa wazee hao wakiwa na daftari na kalamu; na nawaomba vijana wapandao Lengai usiku wa manane kwa matembezi, waanze kwa kuwasalimu wazee wa Engare Sero, waombe baraka yao, na wakisha kushuka, warudi kuwashukuru.