Jaji Mkuu Nyalali na Mashauri ya Handeni na Korogwe

Enzi za Waingereza, shauri la shamba au mahari hapa Handeni na Korogwe lilianzia barazani kwa zumbe, yaani chifu. Sheria ya 1929 iliyatenga mabaraza hayo na Mahakama Kuu: rufani ilikwenda kwa Bwana Shauri (afisa wa wilaya) na wakubwa wake, walewale waliosimamia kodi. Mfumo mmoja wa mahakama ulikuja baada ya uhuru, kwa sheria ya 1963.

Kwenye kilele chake alikaa Francis Nyalali, Jaji Mkuu tangu 1977 hadi 2000. Kiti alikipokea kwa Augustine Saidi, Mtanzania wa kwanza kukikalia. Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, pamoja na mahakama yake ya rufani. Tanzania ikaunda ya kwake mwaka 1979. Mkulima wa Mkata au Mombo aliyeshindwa wilayani, kisha Mahakama Kuu, sasa angeweza kusikilizwa na majaji wa rufani wa nchi yake, mradi awe na hoja ya kisheria (na nauli).

Nyalali pia aliongoza tume ya mwaka 1991 kuhusu mfumo wa vyama, iliyokuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wakitaka chama kimoja. Hata hivyo ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.